Kufufua kamioneti ya familia nyumbani Goma: mwongozo kamili, kuanzia chini kwenda juu

Kamioneti ya Papa ni Toyota Hilux ya kabini mbili, aina ya LN106, ya mwaka 1991. Ilibeba maharage kutoka Rutshuru na jibini kutoka Masisi, na ada zetu za shule zilitoka humo. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipotapika na moto wake kupita katikati ya mji, ndiyo iliyotuvusha mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, watu kumi na wanne na godoro moja. Tarehe 27 Mei 2021 tulipoambiwa tuhame tena ikatupeleka Sake, safari hiyo ikitoa moshi mweusi na kugonga mbele kila ilipokanyaga jiwe. Tuliporudi iliingia uani kwetu Himbi na haikutoka tena. Nyasi zikaota kwenye magurudumu. Wakaja watu wa kutaka kuinunua kipande kwa kipande, huyu injini, yule giaboksi, na Mama akawajibu kwamba gari lililotuokoa mara mbili haliwezi kuchinjwa mbele ya macho yake.

Basi mimi na yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, tukaifufua. Tulianza mwezi wa Juni, tukamaliza Januari, tukifanya kazi jioni na Jumamosi. Ninaandika tulivyofanya, pamoja na yale tuliyoyakosea mwanzoni, kwa ajili ya mtu mwenye kamioneti ya namna hii uani na asiye na pesa za kuipeleka garaji kwa miezi saba. Jambo moja nalishikilia kuliko yote: gari kuukuu huoza kuanzia chini, kwa hiyo kazi na pesa vianzie chini. Nimeona Hilux nyingi mjini zinazong'aa rangi mpya huku fremu imepasuka juu ya ekseli ya nyuma. Mwenye gari kama hilo atalipa mara mbili, na hatari anayo kila siku.

Kabla hujafungua nati

Toa karte rozi, yaani hati ya usajili wa gari, uisome. Namba ya shasi iliyoandikwa humo lazima ilingane na ile iliyogongwa kwenye fremu, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Sugua kutu taratibu kwa brashi laini mpaka isomeke, upige picha. Sehemu hiyo usiisage kwa grainda wala usiifunike kwa mastiki ya kuzibia bati, maana namba ikipotea hakuna karatasi itakayokusaidia kwenye kizuizi cha barabarani. Soma pia kibao cha chuma kilicho chini ya boneti: pale pana aina ya gari, injini, rangi na uwiano wa difu (gia zilizo katikati ya ekseli). Herufi hizo ndizo zinazokuepusha kununua kipuri cha gari la jirani. Ya kwetu ina injini ya 3L, ya mazutu (dizeli), sentimita za ujazo 2,779, isiyo na tabo (turbo). Dada yake ya 2L ina 2,446. Vipuri vingi vyao vinafanana kwa macho bila kuingiliana.

Kisha piga picha nyingi. Kila waya, kila bomba, kila bolti kabla haijatoka. Tulitumia mikebe ya maziwa ya unga kuhifadhia nati, kila mkebe na jina lake juu kwa kalamu. Baada ya miezi minne hutakumbuka kitu.

Na uyajue majina ya dukani. Uani unaweza kusema beringi, bushi, sili ya mafuta. Ukifika kaunta hapa Goma muuzaji atakuuliza kwa Kifaransa: roulement (beringi), silentbloc (bushi), joint spi (sili ya mafuta), rotule (kiungo cha duara cha usukani), plaquettes (pedi za breki), courroie de distribution (mkanda wa taimingi). Nenda na kipuri cha zamani mkononi kila inapowezekana, uvilinganishe palepale, hata kama muuzaji anaharakisha.

Mahali pa kazi

Uani wetu ni mawe ya volkano, meusi, yenye kuchoma magoti na kukatika chini ya uzito. Jeki ikiwekwa juu ya changarawe ile huzama upande mmoja au hupasua jiwe ghafla. Tulitandika mbao nene mbili zilizopishana, kila moja kubwa kuliko karatasi mbili za daftari, ndipo tukaweka jeki. Jeki ni ya kuinulia tu. Ukishainua, gari likae kwenye stendi za chuma au magogo mapana yaliyopangwa kwa kukatana, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe mbele na nyuma. Kabla ya kuingia chini, lisukume kwa nguvu zako zote. Likitikisika, usiingie.

Jirani alitushauri tuchimbe shimo la fundi ili tusimame chini ya gari. Kwa mtu anayeishi magharibi ya mji, kuanzia Himbi na Keshero hadi Lac Vert na Mugunga, nasema kwa moyo wote: usichimbe. Huku ndiko kwenye mazuku. Hewa ya kaboni dioksidi inatoka ardhini, haina rangi wala harufu ya kukuonya, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajaa kwenye mabonde na mashimo, hasa alfajiri na jioni upepo unapotulia. Mbuzi na mbwa hufa humo, na watu pia. Shimo la mita moja na nusu ni kisima cha hewa hiyo, na fundi anasimama ndani yake akiwa na kazi mikononi, bila kujua. Wengine hushusha mshumaa kupima. Usiuamini, kwa sababu hewa inaweza kukudhuru kabla moto haujazimika. Sisi tulitengeneza njia mbili za kupandia kwa mbao ngumu, tukapandisha gari juu ya usawa wa ardhi.

Mafuta machafu yalikwenda kwenye bidoni (dumu) lenye kifuniko. Ardhi ya Goma ni mawe yenye nyufa, ukimwaga kitu leo kinaelekea ziwani, na maji tunayokunywa yanavutwa kutoka Ziwa Kivu.

Uchunguzi wa siku mbili

Usinunue chochote kabla ya uchunguzi huu. Tulitumia nyundo ndogo, bisibisi ya zamani, taa, na kipima mgandamizo tulichoazima.

Injini kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua kama kazi ina maana. Badilisha oili, weka betri nzima, pasha moto injini kama inawaka, kisha toa plagi zote za kupasha joto, kata mazutu, upime mgandamizo silinda moja moja. Injini ya 3L yenye afya hutoa bar 30 au zaidi. Chini ya 20 imechoka. Silinda zikipishana kwa zaidi ya bar 5, kuna vali, ringi au gasketi yenye neno la kusema. Zetu zilisoma 27, 27, 26 na 27. Papa, ambaye macho yamefifia lakini masikio bado, alikuwa amekaa kwenye kiti akisikiliza stata inavyozungusha, akasema silinda zote zinapumua sawasawa kabla hatujamsomea namba. Tukaamua injini haifunguliwi. Uamuzi huo ulituokolea nusu ya pesa, na ninawaomba wenzangu wasikubali fundi afungue injini ambayo haijapimwa.

Kisha fremu. Piga kwa nyundo kila shubiri moja, pande tatu. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya boga. Pale panapojibu vibaya sukuma bisibisi. Tafuta hasa juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikizo vya springi, na chini ya mipira inayobeba kabini, maana tope hukaa humo.

Fremu

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pote, wiki saba. Tulitoa kasha la nyuma la kubebea mizigo: bolti nane, tano zikakubali, tatu tukazikata. Watu wanane waliliinua kwa sahani ya maharage na soda.

Kutu ya Goma ina sababu yake. Moshi wa Nyiragongo una dioksidi ya salfa, na mvua ikiukuta angani inashuka na asidi. Upepo wetu mara nyingi husukuma moshi magharibi, kwa hiyo watu wa Rusayo wanajua bati jipya la nyumba linavyotoboka mapema. Gari linalolala nje huku linanyeshewa mvua hiyohiyo, na vumbi la majivu linaishikilia ndani ya mikunjo ya chuma. Kwa hiyo kusugua juujuu hakutoshi. Osha fremu kwa maji mengi na sabuni, ndani na nje, ingiza bomba kwenye kila tundu mpaka maji yatoke meupe, uiache ikauke siku mbili za jua. Ndipo grainda yenye brashi ya waya. Vaa miwani, waya mmoja ulichoma shavu la yaya, sentimita mbili chini ya jicho.

Kutu iliyobaki kwenye vishimo vidogo paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, ufuate maelekezo ya kopo, kisha rangi ya kuzuia kutu ya epoksi, mikono miwili, usiku mmoja katikati. Juu yake rangi nyeusi ya shasi. Ndani ya fremu tulipulizia nta iliyoyeyushwa. Najua wengi hupulizia oili chafu. Inazuia kutu kwa muda, kweli, lakini inakula mipira ya bushi, inadondoka ardhini, na siku ya kuchomelea inawaka.

Kuhusu kuchomelea: sisi tulikuwa na ufa mmoja juu ya ekseli ya nyuma, upande wa kushoto, na kishikizo kimoja cha springi kilichooza. Kazi hii mpe mchomeleaji anayechomelea malori, hata kama kazi nyingine zote unafanya mwenyewe. Ila wewe simamia mambo haya. Toa tangi la mazutu na uliweke mbali. Tangi tupu lina mvuke na ni la hatari kuliko lililojaa. Ng'oa waya za betri na za altaneta. Toboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia. Kiraka kiwe cha chuma chenye unene sawa na fremu, pima kwa venia (kipimio cha unene), na kikatwe kwa umbo la almasi. Kiraka cha mraba huweka mshono wima wa kukata fremu, na fremu itapasuka tena pembeni ya mshono huo. Achomelee vipande vifupi, huku na kule, akiacha chuma kipoe, la sivyo fremu itapinda. Kabla na baada, pima kwa kamba kutoka kona hadi kona: mishazari miwili ilingane. Ya kwetu ilitofautiana milimita 3, tukaikubali.

Breki, kisha mbele

Mabomba ya chuma ya breki yaliyoliwa na kutu hayatengenezwi, yanabadilishwa. Mipira mitatu ya breki, mmoja nyuma na miwili mbele, badilisha yote hata kama inaonekana mizima. Hufura kwa ndani na kufunga mafuta. Ukifungua dramu za nyuma usipulize vumbi kwa kompresa wala mdomo. Lining za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, ufute kwa kitambaa, ukitupe kikiwa kimelowa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na Goma haina upungufu wa unyevu. Yetu yalitoka na rangi ya chai. Jaza DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo lililofungwa, kisha toa hewa ukianzia gurudumu la mbali na masta silinda: kwa magari yetu ya usukani wa kushoto ni nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Mmoja akanyage pedali taratibu na kuishikilia, mwingine afungue na kufunga nipeli (skrubu ya kutolea hewa). Msemezane kwa sauti. Mkipishana, hewa inaingia tena.

Sasa ule mlio wa kugonga mbele. LN106 ina ekseli nzima mbele, juu ya springi za bapa, na kila mwisho wa ekseli kuna mpira mkubwa wa chuma unaozungukia ndani ya bakuli, ndipo gurudumu linapokatia kona. Futa mpira huo uutazame. Ukiona grisi nyeusi imekaa mahali pake, vizuri. Ukiona uji mwepesi unaodondoka kwenye tairi, sili ya ndani ya ekseli imekufa, na oili ya difu imechanganyika na grisi. Uji huo haulindi kitu. Kiungio cha ndani kinasagika, na beringi za juu na chini ya bakuli zinalegea mpaka usukani unatetemeka.

Kazi yake ni chafu lakini haihitaji vifaa vya ajabu. Fungua habu, toa shafti, osha kila kitu kwa mazutu mpaka chuma kionekane. Tazama mipira midogo ndani ya kiungio: ikiwa na mikwaruzo ya kushika kucha, nunua kiungio kipya. Badilisha sili ya ndani, sili kubwa ya nyuma ya bakuli, na beringi nne, mbili kila upande. Vile vibati vyembamba vilivyo juu na chini ya bakuli vina unene tofauti na vimepimwa kiwandani. Kila kimoja kirudi kilipotoka. Sisi tulivichanganya upande wa kwanza, usukani ukawa mzito kama wa trekta, tukafungua tena siku nzima. Mwisho jaza grisi ya molibdeni hadi robo tatu ya bakuli. Usijaze pomoni.

Bushi za springi, shakeli (vipande vinavyoning'iniza mwisho wa springi) na bolti za U ziwe mpya. Bolti ya U huvutika inapokazwa, kwa hiyo ya zamani hairudiwi.

Injini bila kuifungua

Mkanda wa taimingi kwanza kabisa. Injini hii ina mkanda wa mpira, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka ukifika muda wake. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni. Kama hujui ulibadilishwa lini, chukulia haujawahi. Weka alama za kiwandani mahali pake kwenye kamshafti, krankishafti na pampu ya nozeli (inayosukuma mazutu) kabla ya kuutoa. Weka mpya pamoja na puli ya kuukaza. Kisha zungusha injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili mizima, ukihakikisha alama zimerudi na hakuna kinachogota. Baada ya hapo tu ndipo ugeuze ufunguo.

Moshi mweusi ulitusumbua sana. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko ya pwani. Injini isiyo na tabo inapata hewa pungufu, na pampu ikimwaga mazutu kama iko Mombasa, sehemu yake inatoka kama masizi. Juu ya hilo, kuna fundi mmoja miaka ya nyuma aliikaza skrubu ya pampu ili gari lipate nguvu ya kupanda milima. Nguvu kidogo ilipatikana, na joto likaja nayo. Tulipeleka pampu na nozeli kwa mpimaji mwenye mashine, akairudisha pampu kwenye kipimo na kubadilisha ncha nne za nozeli. Moshi ukaisha. Safisha chujio la hewa, badilisha chujio la mazutu, na uwe na mazoea ya kufungua kibomba cha chini yake kila wiki utoe maji. Mazutu ya kwenye bidoni huwa na maji mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Upozaji una siri ya mlima pia. Kwenye usawa wa ziwa, mita 1,460, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo, na shinikizo linashikwa na kifuniko cha radieta. Kifuniko kilicholegea, ambacho huko chini kingevumiliwa, hapa kinachemsha gari kwenye mpando wa kwanza. Nunua kipya chenye alama ileile ya zamani, kwetu 0.9. Thamostati usiitoe. Najua mafundi wengi huitupa gari likichemka. Injini isiyo nayo, asubuhi za Goma, hukaa baridi muda mrefu na kujisaga. Jaza maji safi yaliyochanganywa na dawa ya radieta, nusu kwa nusu.

Oili ya injini ilichukua karibu lita 6, fuata kijiti. Oili za giaboksi, transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma) na difu mbili, zote zibadilishwe. Ukifungua difu, anza na bolti ya juu ya kujazia. Mtu akimwaga kwanza halafu bolti ya juu ikagoma kufunguka, gari halitembei.

Umeme

Sehemu hii ilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa. Matatizo manne kati ya matano yalikuwa waya za ardhi zilizooza: betri hadi bodi, bodi hadi injini, injini hadi fremu. Toa, sugua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu. Betri iliyotulia isome volti 12.6, injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.4. Taa za mbele tuliziwekea rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na waya wa milimita 2.5 moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi mwanzoni kabisa mwa waya. Mwanga uliongezeka kwa balbu zilezile. Waya zote zilizoungwa kwa plastiki ya mfuko tulizikata.

Bodi na rangi

Kata bati lililooza mpaka ufike chuma cheupe, weka bati jipya. Mastiki ni ya kulainisha tu, isizidi milimita 2 au 3. Mlango wetu wa nyuma ulikuwa na kidole kizima cha mastiki juu ya tundu, na nyuma yake maji yalikuwa yakikaa.

Msasa namba 80 kuondoa, 180 kulainisha mastiki, 320 kabla ya praima, 400 hadi 800 kwa maji kabla ya rangi. Wakati mzuri ni Juni na Julai, mvua zikiwa zimepungua, lakini ndipo vumbi la barabara linapokuwa kali. Tulizungushia maturubai, tukamwagia ardhi maji, tukapaka asubuhi mara umande ulipokauka. Osha bodi kwa maji safi mara moja zaidi kuliko unavyofikiri inahitajika, kwa sababu majivu yasiyoonekana yanabaki. Rangi zenye kigandisho hutoa mvuke unaoharibu mapafu. Kitambaa puani hakizuii, tafuta barakoa yenye vichujio vya kemikali. Rangi ni ileile nyeupe iliyo kwenye karte rozi. Ukitaka nyingine, shughulikia karatasi kwanza.

Mabadiliko tuliyoyafanya, na tuliyoyakataa

Yaya alitaka kuipandisha sentimita 15. Tulipandisha 5, kwa springi mpya zenye upinde mkubwa zaidi, nyuma na mbele. Shakeli ndefu ni rahisi lakini zinalaza ekseli ya mbele na usukani unaanza kutangatanga. Magogo ya kuinulia chini ya springi za mbele usiyaweke kamwe. Ukifunga breki yanaweza kuchomoka.

Kuna jambo ambalo hatukuambiwa na mtu. Juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo nyembamba inayokwenda kwenye vali ya breki. Vali hiyo hupima mzigo: nyuma ikishuka, inajua gari limebeba, inaongeza breki za nyuma. Ukiinua gari, fimbo inasoma kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma zinapungua hata ukiwa na tani nzima ya viazi. Kishikizo chake cha kwenye ekseli kipandishwe, au vali ya kwenye fremu ishushwe, kwa kiasi kilekile ulichoinua springi. Mipira ya breki nayo ipimwe ekseli ikiwa imening'inia, isivutike.

Tairi tulibaki na 205R16, zenye pli 8, kwa sababu mawe yetu hukata ubavu kabla ya kumaliza kashata za juu. Tulijaribu 7.50R16 za kuazima. Zinapendeza, lakini ni kubwa kwa karibu asilimia 9: ukiona 60 kwenye dashibodi unakwenda 65 hivi, na mpando wa kwanza injini inalia.

Chini ya injini tulifunga bamba la chuma la milimita 4, lenye tundu la kumwagia oili na nafasi ya hewa kupita. Kwa barabara za hapa naliona la lazima kuliko kitu kingine chochote katika orodha ya mapambo. Nyuma tulitengeneza fremu ya mabomba na mabenchi mawili yanayokunjwa, bolti zake zimeshika fremu ya gari, maana bati la sakafu pekee lingechanika. Bidoni za lita 20, ishirini na tano, ni nusu tani. Tulipima kwa hizo.

Kilomita za kwanza

Siku ya kwanza ni uani tu: mbele mita tano, breki, nyuma mita tano, breki. Siku ya pili mtaani bila abiria. Tulipoona pedali inabaki juu tukaenda hadi Sake na kurudi, tukisimama kila kilomita 5 kugusa habu zote nne kwa kiganja. Habu inayochoma ina beringi iliyokazwa mno au breki isiyoachia. Kulia mbele ilichoma. Tukalegeza nati ya beringi robo mzunguko, ikapoa.

Baada ya kilomita 50 kaza upya nati za magurudumu. Baada ya 100, bolti za U, mzigo ukiwa ndani. Baada ya 500 kaza tena zote mbili, tazama mipira ya mbele kama grisi imebaki nzito, chungulia kiraka cha fremu kwa taa, na umwage oili ya injini hata kama bado inaonekana safi. Yetu ilitoka nyeusi kama mawe ya uani, na ile iliyofuata ikakaa na rangi ya asali siku nne.